Kumfundisha mwanachuo wa ualimu kupima: anza na daftari la mtoto, iwe darasani au kwa simu

Wakufunzi wenzangu, hasa nyie mnaoanza na mmepangiwa kipindi cha upimaji na tathmini, naomba mnisikilize kabla hamjafungua kitini. Kitini kinaanza na fasili: upimaji ni nini, tathmini ni nini, jaribio ni nini, toa tofauti tano. Mwanachuo anazinakili, kwenye mtihani anazimwaga kama zilivyo na anapata A, alafu anaenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) anatunga jaribio la maswali 10, na tisa kati ya hayo yanaanza na "taja". Nimeliona hilo miaka mingi mpaka nikabadili kabisa namna ninavyoanza hili somo, na ndo nataka niwape hapa, ya darasani kwanza alafu ya mbali.

Siku ya kwanza siandiki kitu ubaoni. Siku moja kabla napita shule ya msingi ya jirani, naongea na mwalimu mkuu, naomba madaftari ya hisabati ya darasa la tatu kama kumi hivi, niyatumie asubuhi niyarudishe mchana (na uyarudishe kweli, maana ukichelewesha mara moja tu hupewi tena na watoto wanakosa pa kuandikia). Wanachuo wanakaa watatu watatu, kila kundi daftari moja, swali ni moja: huyu mtoto anajua nini, na nini bado hajakijua?

Watakwambia "amepata 1 kati ya 4, ni dhaifu". Usilipokee hilo jibu. Warudishe kwenye daftari. Angalia mfano huu, ni aina ya kosa utakayokutana nayo karibu kila shule:

52 − 27 = 35
63 − 19 = 56
84 − 49 = 45
76 − 34 = 42

Ukipita na kalamu nyekundu haraka haraka utaweka kosa, kosa, kosa, pata, na utasema mtoto anabahatisha. Kaa nalo dakika tano uone. Habahatishi hata kidogo. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu kuliko watu wazima wengi: kwenye mamoja anachukua tarakimu kubwa anatoa ndogo, haijalishi ipi iko juu ipi iko chini. 7 toa 2 ni 5, 9 toa 3 ni 6, 9 toa 4 ni 5. Ile ya mwisho amepata kwasababu haikuhitaji kukopa kwenye makumi, kwaiyo kanuni yake ikamfikisha salama. Kuna binti mmoja aliliangalia daftari la namna hii muda mrefu, wenzake wameshahamia kwingine, alafu akasema taratibu, "Madam, kumbe huyu hana makosa matatu. Ana kosa moja tu." Nilisimamisha darasa lote wamsikilize. Mwanachuo akishalisema hilo kwa mdomo wake, nusu ya kozi imeisha, na fasili zote utakazompa baada ya hapo zina mahali pa kukaa.

Hapo sasa ndo nawapa majina. Ulichofanya hapa, kutafuta tatizo liko wapi, kinaitwa upimaji gunduzi. Ukikitumia kesho asubuhi kubadili somo lako, ni upimaji endelevu. Ukisubiri Novemba uandike 25% kwenye ripoti, ni upimaji tamati. Huu mgawanyo wa endelevu na tamati anatajwa sana mtaalamu wa tathmini Michael Scriven aliyeuweka kwenye maandishi mwaka 1967, lakini mwanachuo akikuelezea kwa daftari la mkononi mwake inatosha kuliko kukutajia Scriven.

Na kuna jambo la historia yetu lazima waelewe, kwasababu ndo mzizi wa kuchanganyikiwa kwingi mashuleni. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma la chama tawala, TANU, likasema mtihani wa mwisho peke yake usiamue maisha ya mtoto, kazi zake za kila siku nazo zihesabiwe. Wazo zuri sana. Ila taratibu "endelevu" ikawa inamaanisha kurekodi maksi mara nyingi, mwalimu ana jedwali limejaa namba za kila mwezi na hakuna hata namba moja iliyobadilisha alichofundisha wiki iliyofuata. Waulize wanachuo wako hivi: jaribio la Ijumaa likitoka, Jumatatu utafanya nini tofauti? Kama jibu ni "nitarekodi", hapo hakuna uendelevu wowote, ni mitihani ya mwisho midogo midogo imepangwa foleni.

Zoezi la pili, insha moja wasahihishaji thelathini

Hili usilikose. Chukua insha moja ya mwanafunzi, ukurasa mmoja, toa kopi za darasa zima. Kila mtu asahihishe peke yake juu ya 20, kimya, asiangalie kwa jirani, aandike maksi kwenye kikaratasi akunje. Kusanya, andika zote ubaoni kuanzia ndogo. Darasa langu la mwisho walianzia 8 wakaishia 17. Insha ni ileile! Waache waitazame hiyo safu ya namba. Mwenye 8 atajitetea, tahajia mbovu, mwenye 17 atajitetea, mawazo mazuri, na wote wana hoja, shida ni kwamba hawakukubaliana kabla nini kinapimwa. Sasa watengeneze mwongozo wa usahihishaji kwa pamoja, mawazo ngapi, mpangilio ngapi, lugha ngapi, na muhimu zaidi waandike mfano wa kazi ya maksi 5 inafananaje na ya maksi 3 inafananaje. Wasahihishe insha nyingine kwa mwongozo huo. Tofauti itapungua, haitaisha, na hilo nalo waambie wazi.

Ukiwa na muda ongeza kitu kimoja: insha ileile mpe mtu mwenye mwandiko mzuri ainakili na mwingine mwenye mwandiko mbaya ainakili, maneno yaleyale na makosa yaleyale, nusu ya darasa wape hii nusu wape ile bila kuwaambia. Utakapowaonyesha wastani wa pande mbili, mara nyingi kunakua na ukimya. Kila mmoja hapo anakumbuka mwalimu fulani.

Kutunga maswali

Hapa wengi tunaenda mbio na jedwali la utahini (linaloonyesha kila mada ipate maswali mangapi), tunachora ubaoni wananakili. Mi nawapa hesabu ndogo kwanza. Umefundisha vipindi 24 vya hisabati: sehemu (kama 1/2 na 1/3) vipindi 12, vipimo vya urefu 6, maumbo 6. Jaribio lina maswali 20. Sehemu zipate mangapi? 10, na yale mengine 5 na 5. Basi, wameshaelewa jedwali, kilichobaki ni kuongeza safu za viwango vya kufikiri, kukumbuka, kuelewa, kutumia na kuendelea juu, ile ngazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, Benjamin Bloom, ya mwaka 1956. Alafu walete jaribio walilowahi kulitunga au kufanya wenyewe walipokua sekondari, walipange kwenye jedwali waone maswali yanarundikana wapi. Karibu yote yanaangukia kukumbuka.

Kwenye maswali ya kuchagua, fundisha kitu kimoja kwa nguvu zote: vipotoshi, yani yale majibu yasiyo sahihi, vitoke kwenye makosa ya watoto. Rudi kwenye lile daftari. Swali ni 52 − 27, majibu: A 15, B 25, C 35, D 79. Anayechagua C anatoa ndogo kwenye kubwa, au amekopa akasahau kupunguza makumi, anayechagua D amejumlisha badala ya kutoa, anayechagua A amekopa alafu makumi akapunguza mara mbili. Kwaiyo hata mtoto akikosa, amekwambia kitu. Linganisha na mwanachuo anayeweka 25, 1000, 3 na "hakuna jibu sahihi". Na wakumbushe kubahatisha: machaguo manne mtoto asiyejua kitu anapata moja kati ya nne kwa bahati tu, kweli au si kweli anapata nusu. Mtoto mwenye 5 juu ya 10 kwenye kweli au si kweli hujajua chochote kumhusu.

Maswali ya mdomo

Hili ni la ana kwa ana kabisa, na wanachuo wanalidharau kwasababu halina karatasi. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alipima muda ambao mwalimu anasubiri baada ya kuuliza swali akakuta ni kama sekunde moja tu, na walimu waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto yakawa marefu na waliokua kimya wakaanza kuongea. Fanya hivi: mwanachuo mmoja afundishe wenzake dakika kumi, mwingine akae nyuma na simu akipima sekunde kila swali linapoulizwa. Msomee matokeo. Hakuna anayeamini namba zake mara ya kwanza.

Alafu wafundishe kuachana na mchezo wa "nani anajua?" ambapo watoto walewale watano wananyoosha mkono na mwalimu anaondoka anajua darasa limeelewa. Majina kwenye vijiti ndani ya kopo, unachomoa. Au kila mtoto na kipande cha boksi na chaki, wanaandika jibu wananyanyua kwa pamoja, unaona wote kwa mara moja.

Watakwambia, madam, darasa lina watoto 120, hayo yatawezekana vipi. Hili swali lina haki kabisa, usilijibu kwa hotuba. Jibu langu ni kikaratasi cha mwisho wa kipindi: swali moja, kila mtoto anajibu kwenye kipande cha karatasi, unakusanya mlangoni, humpi mtu maksi, unazigawa mafungu matatu tu, walioelewa, waliokaribia, waliopotea. Fungu la waliopotea likiwa kubwa kesho unarudia kwa njia nyingine. Wape wanachuo vikaratasi 100 wapime muda wa kugawa, watashangaa ni muda mfupi kiasi gani swali likiwa moja na limelenga.

Maoni kwenye daftari

"Jitahidi." "Umeshuka." "Vizuri sana." Mi darasani kwangu hayo maneno nimeyapiga marufuku, kwasababu mtoto akisoma jitahidi hajui ajitahidi nini. Mwaka 1988 Ruth Butler alifanya utafiti na wanafunzi wa Israel, wengine wakapewa maksi tupu, wengine maoni tupu, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni tupu ndo walisonga mbele, na waliopewa vyote viwili hawakufaidika, maana ukimpa mtu maksi anaangalia maksi, maoni hayasomi. Muda mwingine chuoni fanya hivohivo kwa wanachuo wenyewe, warudishie kazi na maoni tu, maksi uzitoe wiki inayofuata. Watalalamika sana siku ya kwanza!

Wape lile daftari la kutoa, kila mmoja aandike maoni ambayo mtoto wa miaka tisa anaweza kuyafanyia kazi leo jioni. Mfano: "76 − 34 umepata. Kwenye 52 − 27 angalia mamoja: 2 haitoshi kutoa 7, kopa kumi moja. Rudia 63 − 19 kwa vijiti." Fupi, inasema kipi kizuri, kipi kirekebishwe, na afanye nini sasa.

Sasa, wakiwa mbali

Machi 2020 shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya corona tulijikuta na wanachuo wametawanyika mikoa yote na sisi hatujui tuanzie wapi. Mi nilituma kitini kizima kwenye grupu la WhatsApp, kurasa nyingi, nikasema someni. Hawakusoma, na sikuwa na haki ya kuwalaumu, mtu yuko kijijini mtandao unapatikana juu ya kilima na bando analinunua kwa kuuza kuku. Yaliyofuata niliyajifunza polepole na nayatumia mpaka leo hasa wakati wa BTP, kwasababu mkufunzi anamtembelea mwanachuo mara chache tu na siku nyingine zote yuko peke yake na darasa.

La kwanza, kitu kidogo kimoja kwa siku. Picha moja ya daftari, sauti ya dakika mbili, swali moja. Picha uipunguze ukubwa, video ziache. Na usitegemee laivu, anayekosa mtandao saa hiyo amekosa somo zima, wakati picha na sauti anavipata hata usiku bando la usiku linapokua rahisi.

Lile zoezi la insha moja wasahihishaji wengi, amini usiamini, kwa simu linaenda vizuri kuliko darasani. Darasani macho yanaibia. Kwa simu unaweka picha ya insha kwenye grupu asubuhi, unasema kila mtu anitumie maksi na sababu moja inboksi, ole wake atakayeweka kwenye grupu, mwisho saa 12 jioni. Saa 2 usiku unabandika maksi zote bila majina, 8 mpaka 17, na grupu linawaka. Acha wabishane nusu saa kabla hujasema kitu, we andika tu pembeni hoja zao, kesho yake hizohizo ndo zinakua vipengele vya mwongozo wa usahihishaji.

Alafu kuna "kosa la wiki". Kila Ijumaa kila mwanachuo aliyeko BTP anatuma picha ya jibu moja la mwanafunzi lenye kosa, na chini anaandika mambo mawili: anafikiri mtoto aliwaza nini, na Jumatatu atafanya nini. Jina la mtoto lifunikwe kwa karatasi kabla ya kupiga picha, sura ya mtoto isionekane, jina la shule lisiwepo. Hapo kuwa mkali, mimi picha yenye jina naifuta na namwambia aliyetuma kwanini, kwasababu ni mtoto wa mtu na hakuomba kosa lake lizunguke kwenye simu za watu. Mara ya kwanza watatuma "mtoto hakusoma swali". Rudisha, uliza tena, aliwaza nini? Kufika wiki ya nne unaanza kupata vitu vya maana, mmoja aliniletea 1/2 + 1/3 = 2/5 akaandika kwamba mtoto anaona namba nne zimesimama kila moja kivyake, haoni vipande vya kitu kimoja, na Jumatatu ataanza na chapati.

Wenye vitochi wasiachwe. Unganisha kila mwenye kitochi na mwenzake wa shule ya karibu mwenye simu janja, na kazi yake anaweza kukusomea kwa kupiga, au meseji ya kawaida, kosa na alichowaza mtoto vinaenea kwenye meseji moja au mbili. Weka siku mbili tatu za nyongeza kwa kila tarehe ya mwisho, na anayechelewa sababu ya umeme au mtandao usimkate maksi, maana hapo utakua unapima mtandao wake.

Kunakili ndo watu huniuliza sana. Kazi ya mbali ukiwapa wote swali la "eleza umuhimu wa upimaji" utapata jibu moja mara arobaini. Mpe kila mtu karatasi yake ya mwanafunzi, tofauti, au atumie za darasa lake mwenyewe. Alafu chagua wachache kila wiki, piga simu dakika tano bila kutoa taarifa: hili swali namba 3 uliloweka kwanini umeweka C? Aliyefanya mwenyewe anajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kitu ambacho kwa simu hakiwezekani ni yale ya mdomo, kusoma uso wa mtoto, kusubiri sekunde tatu, kuona nani amejificha nyuma ya mwenzake. Kwaiyo muda wenu wa ana kwa ana chuoni usiumalize kwa fasili, ambazo zinaweza kwenda kwa simu. Utumie kwa yale.

Na wanachuo wenyewe utawapimaje

Kama kozi nzima imesema hivi alafu mwisho ukawapa "eleza sifa tano za jaribio bora", umewafundisha kwamba yote yale yalikua maneno. Najua mtihani wa taifa upo na lazima waufanye, waandae. Ila maksi zako za chuo ziweke kwenye kazi moja: atunge jaribio la maswali 10, alifanyishe kwa watoto halisi, achambue, alirekebishe.

Uchambuzi hauhitaji kompyuta. Watoto 30, panga karatasi kuanzia maksi kubwa, chukua 10 za juu na 10 za chini, za katikati weka pembeni. Swali la 4, juu wamepata 8, chini wamepata 3. 8 toa 3 gawa kwa 10 ni 0.5, swali zuri, linatenganisha. Swali la 7, juu wamepata 4, chini wamepata 6. Ni −0.2, yani wanaoelewa ndo wanakosa. Hapo kuna kitu, labda jibu kwenye mwongozo limekosewa, labda sentensi ina maana mbili na mtoto makini ndo anaiona ile ya pili. Mwanachuo aende akawaulize wale watoto sita wa juu waliokosa walielewaje swali, aandike walichomwambia.

Kwenye kazi yake ya mwisho nataka karatasi tatu tu: jaribio la kwanza, jaribio lililorekebishwa, na ukurasa mmoja kuhusu swali moja aliloliondoa. Huo ukurasa ndo nausahihisha wa kwanza, na ndo nautolea maksi nyingi kuliko zote.